Vilio la Damu si Donge la Damu

(Maandishi ya mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni Jumapili jioni)



Mtoto akianguka ngazini hapa mjini, jambo la kwanza tunalofanya ni kumgombeza yule aliyekuwa akimwangalia. Jambo la pili ni kuteleka maji. Maji yakipata moto hutiwa chumvi, hutafutwa kitambaa, na mtoto hukandwa mpaka akalia kwa kukandwa kuliko alivyolia kwa kuanguka. Hufanyiwa hivyo mtoto mwenye weusi kidogo gotini, na hufanyiwa hivyo hivyo mtoto mwenye nundu kama yai juu ya sikio. Ukiuliza, jibu ni moja: "Amevilia damu." Leo napenda tuyatenganishe mambo haya mawili, kwa sababu moja halimhitaji daktari hata kidogo, na jingine laweza kumwondoa mtu duniani usiku, watu wote nyumbani wamelala wakidhani mwenzao naye amelala.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Tunayo chubuko, pale ngozi ya juu inapobanduka. Tunayo ngeu, jeraha la kichwani linalochuruzika damu. Tunayo nundu. Na tunalo vilio la damu, ambalo ni alama ya damu iliyobaki chini ya ngozi; msilichanganye na vilio vya msibani, ingawa safari nyingine moja huleta vingine. Wazee walioyatunga maneno haya walikuwa na macho. Sisi tuliokuja nyuma ndio tuliotia kila kitu katika kapu moja.

Sasa tuanze na vilio. Unapojigonga kwenye ukingo wa meza, ngozi haichaniki, lakini chini yake kuna mishipa midogo mno ya damu, myembamba kuliko unywele, na baadhi yake hupasuka. Damu hutoka humo ikasambaa katika nyama kama wino unavyosambaa katika karatasi ya kukaushia. Ukipitisha kidole juu yake, mahali hapo ni bapa, au pamevimba kidogo tu. Panauma ukipagusa, basi. Mwanzo alama huwa nyekundu, kisha huwa ya bluu au zambarau, baadaye kijani, halafu manjano na hudhurungi, na baada ya wiki mbili hivi haipo.

Ile rangi ya kijani huwatisha watu wengi wakidhani nyama inaoza. Haiozi. Damu ina kitu chenye madini ya chuma kinachoipa wekundu wake. Damu ikiwa nje ya mshipa, chembe nyeupe za mwili, ambazo ndizo wafagiaji wetu, huja kukivunja kitu hicho kipande kwa kipande. Kipande cha kwanza kina rangi ya kijani, kinachofuata ni cha manjano, na chuma kinachobaki huacha rangi kama ya kutu. Kwa hiyo ukiona kijani na manjano, jua kuwa usafi unaendelea.

Lakini rangi hizo nimezitaja kama zilivyo vitabuni, na vingi kati ya vitabu hivyo viliandikwa kwa kutazama ngozi ya Mzungu. Kwenye ngozi yetu, hasa iliyokoza, vilio huonekana kama weusi uliozidi weusi wa jirani yake, au halionekani kabisa. Hapo jicho halitoshi, inabidi kutumia kiganja. Pana joto kuliko upande wa pili? Pamekaza? Panauma kupita kiasi? Nitalirudia jambo hili baadaye nikifika kituo cha polisi, maana huko ndiko linakowaumiza wengi.

Donge la damu ni habari nyingine. Hapa mshipa uliopasuka ni mkubwa zaidi, au mishipa ni mingi, na damu badala ya kusambaa imejikusanya mahali pamoja, ikazisukuma nyama kando na kujitengenezea chumba. Ukiligusa unalisikia: limeinuka, lina mipaka, mwanzoni ni laini kama mfuko wa maji, kisha linakaza. Madaktari huliita hematoma. Madonge mengi, hasa yale madogo ya mkononi na mguuni, huyeyuka yenyewe kwa wiki kadhaa. Hatari yake haitokani na damu iliyopotea peke yake. Inatokana na mahali lilipokaa, na kile linachokibana. Damu ya kujaza kikombe kimoja ikiwa pajani ni maumivu tu. Damu hiyo hiyo ikiwa ndani ya fuvu ni kifo.

Nirudi kwenye lile sufuria la maji ya moto, kwa kuwa najua wako watakaonikasirikia. Sikusema kukanda ni ujinga. Nasema saa ya kukanda siyo hiyo. Mshipa uliopasuka hivi punde bado unavuja. Joto huitanua mishipa, na kuchua kwa nguvu hukibandua kizibo ambacho damu imejitengenezea yenyewe pale penye ufa. Kwa hiyo anayemkanda mtu saa ileile ya kuumia anafungua bomba ambalo mwili unajaribu kulifunga. Katika siku mbili za kwanza kinachotakiwa ni ubaridi. Kama jirani anauza barafu, nunua, izungushie kitambaa, uiweke hapo kwa dakika kumi au kumi na tano, pumzisha, kisha rudia baada ya saa moja au mbili. Usiiweke barafu tupu juu ya ngozi kwani nayo huunguza. Pasipo barafu, kitambaa kilicholowa maji ya mtungini si haba. Mguu uliogongwa uinuliwe juu ya mto. Maumivu yakizidi, parasetamoli inafaa. Aspirini iacheni, kwa maana huifanya damu isigande upesi. Siku mbili zikipita, hapo leteni sufuria lenu, maji yawe ya vuguvugu na mkono uwe mwepesi.

Liko jingine ambalo sitalifumbia macho, nalo ni wembe. Wako wanaochanja chale juu ya donge ili "damu mbaya" itoke, na wako wanaoumika kwa chuku, ile pembe ya kale ambayo siku hizi imegeuka kikombe cha plastiki. Damu iliyoganda ni kama ute mzito wa mlenda. Hainyonyeki kwa kupitia vijichale vya ngozi. Kinachopatikana ni mlango wa wadudu wa maradhi kuingia katika damu iliyotulia, na wadudu hao hawana chakula wakipendacho kuliko hicho. Donge lililokuwa lipone lenyewe linageuka jipu. Hapo sijasema habari ya wembe mmoja kutumika kwa watu watatu, na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havichagui. Nao wale wanaoumikwa bila kuchanjwa, zile duara nyeusi zinazobaki mgongoni ni mavilio ya damu yaliyotengenezwa kwa makusudi. Mwaka 2016 muogeleaji Michael Phelps wa Marekani alionekana nazo begani kwenye Olimpiki ya Rio, dunia nzima ikashangaa. Bibi zetu wa pwani wasingeshangaa.

Sasa tufike kichwani, ndugu wasikilizaji, na hapa naomba wenye kelele nyumbani wapunguze.

Fuvu ni sanduku la mfupa lisilo na nafasi ya ziada. Ndani yake umekaa ubongo, na kati ya mfupa na ubongo hupita mishipa ya damu. Pale pembeni, kati ya jicho na sikio, mfupa ni mwembamba kuliko kwingine, na kwa ndani yake hupita ateri. Pigo la hapo laweza kuutia mfupa ufa na ateri ikakatika. Mwenye kuumia huenda akazimia kidogo, au asizimie. Kisha huinuka. Hujikung'uta vumbi, husema hana neno, huagiza chai. Wenzake humcheka. Kumbe ndani damu inajikusanya, tone juu ya tone, na kwa kuwa sanduku halitanuki, kinachobanwa ni ubongo. Baada ya saa moja, mbili, au zaidi, kichwa huanza kuuma sana, mtu hutapika, husinzia, na mboni moja ya jicho huwa kubwa kuliko mwenzake. Akifika hapo, kila dakika ni mali.

Haya hayabagui tajiri. Mnamo Machi 2009 mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson, mwenye umri wa miaka 45, alianguka huko Mont Tremblant nchini Kanada alipokuwa akifundishwa kuteleza juu ya theluji. Aliinuka akizungumza vizuri, na gari la wagonjwa lililokuja likarudishwa. Muda si mrefu kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baada ya kuanguka alifariki dunia, na wachunguzi wa New York walikuta ni donge la damu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mwanamke mwenye fedha, katika nchi yenye hospitali za kila namna. Sembuse kijana wa bodaboda aliyeangushwa Mbagala saa nne usiku, kofia yake ameivisha kwenye kiwiko, na anayemsogelea kwanza anamwambia, "Pole, kanywe soda ukalale."

Nundu ya nje ya kichwa, ile inayoonekana, haisemi kitu juu ya yaliyomo ndani. Inawezekana kuwa na nundu kubwa na ndani pakawa salama, na inawezekana nje kusiwe na kitu na ndani pakawa pabaya. Kwa hiyo tusiangalie nundu, tumwangalie mtu. Ametapika zaidi ya mara moja? Anarudia swali lile lile? Amelegea mkono au mguu mmoja? Anatoka maji meupe puani au sikioni? Amepata weusi nyuma ya sikio au kuzunguka macho yote mawili ilhali hakupigwa hapo? Lolote kati ya hayo lipelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama mwenyewe anakataa, maana ubongo uliobanwa ni hakimu mbaya wa hali yake. Hata asiye na dalili hizo, ikiwa alizimia, alale chumba chenye mtu wa kumwangalia na kumwamsha kwa saa 24 za mwanzo. Hapa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, licha ya jina lake haitibu mifupa peke yake. Upasuaji wa ubongo ni kazi yake pia. Watu wengi hawalijui hilo kwa sababu ya jina.

Kuna na donge la pole pole, na hili naliona ndilo tunalolitendea dhuluma kuliko yote. Uzeeni ubongo hunywea kidogo, na ile mishipa ya vena inayouunganisha na utando wake hubaki imevutika kama kamba ya nguo. Babu anajigonga kwenye kizingiti cha mlango wa choo. Hakuna damu, hakuna nundu, na mwenyewe amekwisha sahau. Baada ya wiki tatu au nne anaanza kuwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Anaburuta mguu. Anajikojolea. Hapo baraza la ukoo hukaa na kutoa moja ya hukumu mbili: ama ni uzee, ama jirani fulani ana mkono wake. Nyumba ngapi zimevunjika undugu kwa hukumu hiyo ya pili! Na huku mzee ana donge la damu ambalo daktari wa upasuaji hulitoa kwa kutoboa tundu dogo kwenye fuvu, na wengi wao hurudi kuwatambua watoto wao. Kwa hiyo mzee akibadilika ndani ya wiki chache, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande kama warfarini, swali la kwanza liwe: aliangukia wapi? Dini na uganga vitasubiri picha ya skana.

Chini ya shingo nitapita haraka. Mfupa wa paja ukivunjika bila ngozi kuchanika, paja laweza kuficha lita moja hadi moja na nusu ya damu, na mtu mzima ana kama lita tano tu mwili mzima. Ndiyo maana aliyevunjika paja hukauka midomo na kutokwa jasho la baridi ilhali barabarani hakuna tone. Chini ya goti kuna hatari nyingine: misuli ya hapo imefungwa ndani ya mifuko migumu, na damu ikijaa humo huwabana wenyeji mpaka wakafa. Dalili yake ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukivuta vidole vya mguu, na baadaye ganzi. Kuufunga mguu wa namna hiyo kwa mianzi na kamba zilizokazwa, kama wafanyavyo baadhi ya wenye kuunga mifupa, ni kuumalizia. Tumboni nako, mtu ambaye bandama yake imevimba kwa malaria ya mara kwa mara anaweza kupasuka bandama kwa teke moja lisiloacha hata alama ya nje. Anayefanya mzaha wa kupiga watu tumboni na alijue hilo.

Nilisema nitafika kituo cha polisi. Mwanamke amepigwa. Anakwenda kituoni saa ileile, anapewa Fomu Namba 3 ya Polisi, ile tuiitayo PF3, aipeleke hospitali ijazwe. Anayemtazama haoni kitu, au anaona kidogo, na anaandika neno moja: "michubuko". Kesho yake asubuhi jicho lote limezibika, lakini karatasi imekwisha andikwa. Kisha mshitakiwa anaapa mbele ya hakimu kwamba hakumgusa jichoni, bali alimsukuma tu akagonga paji la uso. Na kwa hilo la jicho anaweza kuwa anasema kweli! Damu hushuka kama maji. Pigo la paji la uso hutokeza weusi kwenye kope siku ya pili, na pigo la paja huonekana gotini. Alama inapoonekana sipo lazima pigo lilipotua, na kukosekana kwa alama saa ya kwanza si ushahidi wa kutopigwa.

Kwa ajili hiyo mwenye kupigwa arudi hospitali baada ya siku moja au mbili, aonyeshe kilichojitokeza, na aombe kiandikwe kwenye kumbukumbu zake. Aombe pia kiandikwe kwa ukamilifu: ni vilio au ni donge, liko wapi, lina ukubwa gani, ni gumu au laini, linauma au haliumi. Kanuni ya Adhabu yetu inatenganisha madhara ya kawaida na madhara makubwa, na hakimu hana jicho lingine isipokuwa maneno ya daktari. Neno moja, "michubuko", likimwangukia mtu aliyekuwa na donge la damu kwenye nyama za mgongo, limempunguzia mpigaji kosa lake bila yeye kuomba.

Na tuwe waangalifu na wale wanaojidai kusoma umri wa alama kwa rangi, kwamba hii ni ya juzi na hii ya wiki jana. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Uingereza, Langlois na Gresham, walichapisha uchunguzi wao wa picha za mavilio, na jambo kubwa waliloweza kulisema ni kwamba alama iliyokwisha kuwa na umanjano imepita saa 18. Zaidi ya hapo rangi hutofautiana mno baina ya mtu na mtu, tena walikuwa wakichunguza ngozi nyeupe. Askari anayesema kwa uhakika, mbele ya ngozi nyeusi, kwamba alama ni ya siku tatu, anapiga ramli.

Mwisho kabisa, kwa akina mama wenye vichanga. Mtoto aliyezaliwa kwa taabu huweza kuwa na uvimbe kichwani wa namna mbili. Wa kwanza anazaliwa nao, ni laini, umeenea bila mpaka, na huisha siku mbili tatu. Huo ni maji ya mwili yaliyokusanyika kwa kubanwa njiani. Wa pili hujitokeza saa kadhaa baadaye au siku ya pili, uko upande mmoja, na una ukingo kama umechorwa. Huo ni donge la damu lililokaa kati ya mfupa na utando wake, na haliingii kwenye ubongo. Usikandwe, usifinywe ili kichwa "kikae vizuri", wala usitobolewe kwa sindano. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, na katikati huweza kukaza ukadhani ni mfupa umeota. Kitu cha kuangalia ni macho na ngozi: damu ile ikivunjwa hutoa ile rangi ya manjano niliyoitaja mwanzo, na ini la kichanga halijaweza kuiondoa yote. Weupe wa macho ukiwa wa manjano, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, asingojewe siku ya kupima uzito.